Tangi Kubwa la Matumbawe Mbali na Bahari: Kuchagua Vifaa Ukiwa Kisumu au Nakuru

Anayetaka kuweka tangi la matumbawe Kisumu ametengwa na Bahari ya Hindi kwa zaidi ya kilomita 800 za barabara, yuko mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari hiyo, na anategemea umeme unaoweza kukatika bila taarifa. Wa Nakuru yuko karibu kidogo na pwani lakini yuko juu zaidi, takriban mita 1,850, ambako baridi ya usiku hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Maelezo mengi ya vifaa vya matangi ya maji ya chumvi yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambao umeme wao hukatika kwa nadra na ambao duka la vipuri haliko mbali nao. Maelezo hayo yana ukweli mwingi, ila mpangilio wake wa umuhimu haulingani na hali ya huku kwetu. Ninavyoona mimi, kila kifaa cha tangi kubwa kichaguliwe kwanza kwa kuuliza kitafanya nini siku kitakapozimika, kukwama au kupitiliza, na swali la uwezo wake kikiwa kizima lifuate baadaye.

Tuchukue mfano wa tangi lenye urefu wa sentimita 180, upana wa 60 na kina cha 60, ambao ni ukubwa unaopendwa na wengi wanaohama kutoka matangi madogo. Likijaa linabeba lita 648. Maji hayo peke yake yana uzito wa kilo 660 hivi, kioo cha milimita 12 chenye mikanda ya kukaza juu kinaongeza kilo 120, na ukijumlisha mawe, meza ya chuma na tangi la chini unafika tani moja. Sakafu za ghorofa za makazi kwa kawaida hukokotolewa kubeba takriban kilo 150 kwa kila mita mraba, na meza ya tangi hili inakalia mita mraba moja tu na kidogo. Kwa hiyo mahali pake ni sakafu ya chini iliyomwagwa zege juu ya ardhi, na anayeishi ghorofani amwone mhandisi kabla ya kumwona fundi wa vioo. Fundi naye aelezwe mapema kwamba silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo hudhuru viumbe wa baharini.

Maji mengi hubadilika polepole, na hiyo ndiyo faida kubwa ya tangi kubwa: joto, chumvi na uchafu huchukua muda kupotoka, nawe unapata nafasi ya kurekebisha. Hata hivyo, mambo yakiharibika huharibika kwa kiasi kikubwa pia, kuanzia sakafu iliyofurika hadi bili ya umeme.

Kabla ya kununua chochote, amua utafuga matumbawe gani. Matumbawe laini huridhika na mwanga wa wastani na mkondo usio mkali. Matumbawe magumu yenye vinywa vikubwa yanadai zaidi kidogo, hasa uthabiti wa madini. Yale magumu yenye vinywa vidogo, kama jamii ya Acropora, yanadai mwanga mkali, mkondo wenye nguvu, na maji ambayo hayayumbi. Tofauti kati ya kundi la kwanza na la tatu ni kubwa kiasi kwamba bei ya taa na pampu inaweza kuongezeka maradufu, na anayenunua vifaa vya Acropora ili baadaye afuge matumbawe laini ametupa fedha. Kwa mtu anayeanza na tangi la ukubwa huu huku bara, napendekeza kwa moyo wote makundi mawili ya kwanza.

Kifaa kinachostahili kufikiriwa kwa muda mrefu kuliko vyote ni tangi la chini, lile linalokaa ndani ya meza, ambamo maji hushuka yakachujwa kisha yakasukumwa tena juu na pampu ya kurudisha. Wanunuzi wengi huulizia ukubwa wake kwa kuangalia vifaa vitakavyoingia humo, ilhali kipimo cha kwanza ni maji yatakayoshuka pampu ikizimika. Hesabu yake ni rahisi. Uso wa tangi letu ni mita mraba 1.08, kwa hiyo kila sentimita moja ya maji inayoshuka ni karibu lita 11. Umeme ukikatika, maji ya juu huendelea kushuka mpaka yafike kwenye meno ya kisanduku cha kufurikia, yaani kile kilichomo ndani ya tangi ambamo maji huanzia kushuka, na hapo husimama. Hatari iko kwenye bomba la kurudisha: kama mdomo wake umezama sentimita 10 chini ya uso, bomba hugeuka sifoni, likanyonya maji kurudi chini mpaka mdomo upate hewa, na hizo ni lita 108 zinazotafuta nafasi katika tangi ambalo tayari lilikuwa nusu. Mdomo uliozama sentimita 2 unashusha lita zisizozidi 22. Ndiyo maana mdomo uwekwe karibu kabisa na uso, na tangi la chini liachiwe nafasi tupu inayotosha maji yote hayo pamoja na yale yaliyomo kwenye mabomba. Baadhi ya mafundi watakushauri ufunge valvu isiyorudisha maji ili usijali hesabu hii. Usiitegemee. Konokono mdogo au chembe ya mchanga ikikaa katika kifuniko chake, valvu haifungi, nawe utagundua hivyo usiku.

Upande wa pili wa hesabu ni bomba la kushusha likiziba wakati pampu inaendelea. Hapo pampu itamwaga juu maji yote yaliyomo kwenye chumba chake cha tangi la chini. Chumba hicho kikiwa na lita 30, maji ya juu yatapanda karibu sentimita 3, na tangi lililoachiwa sentimita 4 juu ya uso halitamwaga hata tone sakafuni. Mpango mzuri wa kushusha ni wa mabomba matatu: la kwanza linajaa maji kabisa na kudhibitiwa kwa valvu, la pili linapitisha maji kidogo tu, na la tatu linabaki kavu likisubiri siku ambayo mawili ya kwanza yatazidiwa. Mabomba haya hayana kelele, na gharama yake ya ziada ni ndogo ukilinganisha na zulia na sakafu ya mbao.

Pampu ya kurudisha yenyewe haihitaji nguvu kubwa. Mara tatu hadi tano ya ujazo wa tangi kwa saa inatosha, yaani lita 2,000 hadi 3,200. Lakini kiasi kilichoandikwa kwenye boksi hupimwa bila kuinua maji, na ukishainua maji mita moja na nusu na kuyapitisha kwenye kona kadhaa, sehemu kubwa ya kiasi hicho hupotea, kwa hiyo soma jedwali la mtengenezaji la kimo. Angalia pia umeme wake. Kenya inatumia volti 240 na herzi 50. Kifaa cha Marekani cha volti 110 kitaungua, na pampu ya mota ya kawaida iliyotengenezewa herzi 60 huzunguka polepole zaidi hapa hata ukiipatia volti yake.

Mkondo mkubwa ndani ya tangi hautoki kwa pampu ya kurudisha bali kwa pampu za mawimbi zinazobandikwa kwenye vioo kwa sumaku. Matumbawe laini yanahitaji jumla ya mara 10 hadi 20 ya ujazo kwa saa, na Acropora mara 20 hadi 40 au zaidi. Chagua pampu mbili au tatu za wastani badala ya moja kubwa, na zote ziwe za volti 12 au 24 za umeme wa mkondo mnyoofu (DC), aina zinazokubali kuunganishwa na betri. Sababu yake inahitaji maelezo.

Samaki na matumbawe huvuta oksijeni iliyoyeyuka majini, na kiasi kinachoweza kuyeyuka hutegemea chumvi, joto na kanieneo ya hewa. Maji matamu ya mto kwa nyuzi 25 hubeba miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita yakiwa usawa wa bahari, ilhali maji ya bahari kwa joto hilohilo hubeba 6.75 tu. Ukipanda hadi Kisumu, ambako kanieneo imepungua kwa zaidi ya asilimia 10, kiwango hicho hushuka hadi 5.9 hivi. Nakuru kinakaribia 5.4. Kwa maneno mengine, tangi la Nakuru lililo katika hali yake bora kabisa linaanza usiku likiwa na oksijeni pungufu kwa asilimia 20 kuliko tangi kama hilo lililoko Mombasa. Umeme ukikatika, uso wa maji hutulia, oksijeni mpya haiingii, na usiku matumbawe yenyewe huvuta oksijeni bila kuizalisha. Tangi lenye samaki wengi linaweza kufika hatarini ndani ya saa chache.

Kwa hiyo naiweka betri juu ya skima (mtungi wa kuondoa uchafu kwa povu), juu ya taa za gharama, juu ya kila kifaa cha kujiendesha. Huhitaji jenereta wala mfumo mkubwa. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ukitumia nusu yake tu ili idumu, unabaki na 600. Pampu moja ya mawimbi ya wati 20, iliyoelekezwa juu ili ivuruge uso wa maji, itafanya kazi kwa takriban saa 24 ukitoa upotevu. Betri za lithiamu zinazouzwa sasa pamoja na vifaa vya sola hukubali kutumiwa zaidi ya hapo, na mafundi wa sola wamejaa katika miji yetu yote. Muhimu ni kwamba ubadilishaji kutoka umeme wa gridi hadi betri ufanyike wenyewe, kwa sababu stima mara nyingi hupotea wakati hakuna mtu nyumbani.

Suala la joto linawagawa Kisumu na Nakuru. Matumbawe ya tropiki hustawi kati ya nyuzi 24 na 27. Mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipopanda joto kupita kawaida, miamba ya pwani ya Kenya ilipauka na sehemu kubwa yake ikafa, kwa sababu matumbawe yanapozidiwa na joto huufukuza mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama yake na kuyalisha. Baharini, nyuzi moja tu juu ya kiwango cha msimu wa joto, ikidumu majuma kadhaa, inatosha kuanzisha maafa hayo. Kisumu mchana hufika nyuzi 29 au 30 karibu mwaka mzima, na chini ya mabati yasiyo na dari huzidi hapo. Ukiongeza joto la pampu na taa, tangi lisilopozwa litapita nyuzi 30 bila shida.

Njia ya kwanza ya kupoza ni feni inayopuliza juu ya maji. Lita moja ya maji ikivukizwa huchukua joto la kutosha kushusha lita 600 kwa nyuzi moja, jambo linaloonyesha jinsi kifaa cha wati 15 kinavyoweza kufanya kazi kubwa. Hewa ya kando ya ziwa ina unyevu, kwa hiyo feni husaidia zaidi Januari na Februari kuliko siku za mvua za Aprili. Ikiwa chumba chako hupita nyuzi 30 kila mchana, nunua mashine ya kupoza maji, na iweke mahali ambapo hewa yake ya moto inatoka nje, kwa maana ikifungiwa ndani ya meza itapasha moto tangi lilelile inalopoza.

Nakuru, Eldoret au Kericho, hita ndiyo inayohitajika. Hapa swali la kukwama ni la lazima, kwani thamostati ya hita, yaani swichi yake ya joto, mara nyingi huharibika ikiwa imeshikamana, hita ikiendelea kuwaka. Hita moja ya wati 600 iliyokwama hupandisha lita 700 (maji ya tangi pamoja na ya tangi la chini) kwa robo tatu ya nyuzi kila saa, kabla ya kuhesabu joto linalopotea, na kufikia asubuhi matumbawe yamepikwa. Hita mbili za wati 300, zote zikipitia kidhibiti cha nje chenye kipimajoto chake, hugawanya hatari hiyo: moja ikikwama, kidhibiti huikatia umeme, na moja ikifa, nyingine hushikilia tangi lisizizime.

Taa huvutia macho na pochi kuliko kifaa chochote, lakini uamuzi wake si mgumu. Usinunue kwa wati zilizoandikwa. Uliza kiasi cha mwanga unaofika kwenye tumbawe, kipimo kinachoitwa PAR: 50 hadi 150 kwa matumbawe laini na mengi ya vinywa vikubwa, 200 hadi 350 kwa Acropora. Taa za LED zenye buluu ya kutosha zimeziacha nyuma taa za zamani za halaidi ya metali, ambazo kwa joto lake hazifai kabisa Kisumu. Kwa urefu wa sentimita 180 utahitaji taa tatu ili pembe zisiwe giza, na zote ziweze kupunguzwa, kwa kuwa matumbawe mapya huungua mwanga wa nguvu zote ukiyapata siku ya kwanza.

Skima ni mtungi unaochanganya maji na viputo vidogo vya hewa ili uchafu wa kioganiki ushikamane na povu na kutolewa kabla haujaoza. Chagua iliyokadiriwa ujazo wa mara moja na nusu ya tangi lako, na hakikisha kimo cha maji katika chumba chake hakibadiliki, vinginevyo povu litapanda na kushuka bila utaratibu. Umeme ukirudi baada ya kukatika, kimo hicho huwa juu kwa muda, na skima hufurika kwenye kikombe chake; jambo hilo ni la kawaida na halidhuru.

Maji yanastahili pesa zako kuliko wengi wanavyodhani. Maji ya bomba ya Kisumu hutoka Ziwa Victoria na Mto Kibos, hutiwa klorini, na hubeba madini na virutubisho ambavyo mwani huvipenda. Visima vingi vya Nakuru na Bonde la Ufa vina floridi nyingi. Maji ya mvua yanaonekana safi, lakini yakipita juu ya mabati hubeba zinki, na zinki kidogo tu huua konokono, kamba na matumbawe. Kuchemsha hakuondoi chochote kati ya hivyo isipokuwa klorini. Dawa ni mashine ya osmosisi ya kinyume, inayosukuma maji kupitia utando unaozuia madini, ikifuatiwa na resini inayonasa yaliyobaki, na ikiwa na kichujio cha kaboni mbele, maana klorini huharibu utando wake. Maji yanayotoka yasome sifuri kwenye kipima TDS, kinachopima vitu vilivyoyeyuka majini. Maduka ya mtaani yanayouza maji ya kunywa kwa mtungi hutumia mashine za aina hiyo, ila mengi huyaachia maji madini kwa ajili ya ladha, kwa hiyo pima kabla ya kuyaamini.

Kuna jambo moja linalozigusa hasa nyumba za huku kwetu. Utando huo unahitaji presha ya baa 3.5 hadi 4, na nyumba zetu nyingi hupata maji kutoka tangi lililo juu ya paa au mnara. Kila mita 10 za kimo huleta baa moja, kwa hiyo tangi lililoinuliwa mita 6 linatoa baa 0.6. Mashine itadondosha maji machache yasiyo safi, na mwenye nayo atadhani ameuziwa bandia. Pampu ndogo ya kuongeza presha inamaliza tatizo. Maji ya taka, lita tatu au nne kwa kila lita safi, yaelekeze kwenye pipa la kufulia na kusukumia choo.

Chumvi iwe ile iliyotengenezwa kwa matangi ya matumbawe. Chumvi ya kupikia haina kalisi wala magnesi inayotakiwa, hata ukitia nyingi. Kujaza lita 700 hadi gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji kunamaliza takriban kilo 26, na kubadilisha asilimia 10 kila wiki kunahitaji kilo 2.6 zaidi. Kipima chumvi cha mwanga, yaani rifraktomita, kisawazishwe kwa maji maalumu ya kipimo cha 35, kwa kuwa kinachosawazishwa kwa maji matupu peke yake hupotoka kikifika kwenye kiwango cha bahari.

Maji yanayovukizwa huacha chumvi nyuma, kwa hiyo kifaa cha kujaliza maji matamu ni cha lazima, hasa penye feni, ambapo lita 5 au zaidi zinaweza kuondoka kwa siku. Usikiunganishe moja kwa moja na bomba la nyumba wala na pipa kubwa. Swichi yake ikikwama na pipa likawa la lita 20, chumvi inashuka kutoka 35 hadi 34, nayo matumbawe yatavumilia. Pipa la lita 200 lingeishusha hadi 27, baada ya kufurisha sebule. Kanuni hiyohiyo iongoze pampu za kutilia kalisi na alkalini, ambazo kwa matumbawe laini unaweza kuziacha kabisa mwaka wa kwanza, ukitegemea ubadilishaji wa maji.

Kuhusu nyaya, sharti langu ni moja lisilojadiliwa: vifaa vyote vipitie kikatio cha usalama cha miliampea 30, kinachokata umeme unapovuja, na kila waya ushuke chini ya soketi yake kabla ya kupanda, ili tone la maji lianguke sakafuni. Radi za Kisii, Kakamega na ukanda wa ziwa ni nyingi, hivyo kinga ya umeme wa ghafla nayo iwepo. Nunua impela (kipande cha pampu kinachozunguka kusukuma maji) na pete za mpira za akiba siku ileile unayonunua pampu, kwani kuzisubiri kutoka nje huchukua majuma. Mfumo usio na mashine ya kupoza utatumia yuniti sita au saba kwa siku. Zidisha kwa bei ya tokeni zako na uone kama mwezi utaubeba.

Matumbawe magumu yote yamo katika kiambatisho cha pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, kwa hiyo muuzaji aonyeshe vibali, na mawe yawe makavu badala ya yaliyong'olewa mwambani.

Vifaa vikishafungwa, jaza tangi maji na uzime swichi kuu ukiwa umesimama hapo. Tia alama kwa wino mahali maji ya chini yanaposimama, washa tena, kisha rudia huku umeziba bomba la kwanza la kushusha kwa kitambaa. Chomoa hita moja, inua boya la kifaa cha kujaliza kwa kidole, subiri uone betri ikichukua pampu. Marekebisho yote ya mabomba yafanyike wakati huu, kabla ya chumvi kuingia, na baada ya hapo tangi liendeshwe likiwa na mawe tu mpaka amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu unaooza, zisome sifuri, kazi inayoweza kuchukua mwezi mmoja au zaidi, ndipo samaki wa kwanza aingizwe.